Woodrow Wilson, Mwalimu Aliyekuwa Rais

Katika nchi ya Marekani walitokea marais wengi waliokuwa askari, na wengi waliokuwa wanasheria. Lakini mmoja alikuwa mwalimu. Kwa muda wa miaka ishirini na mitano alifundisha vijana na kuongoza chuo, na alipokwisha kupita miaka hamsini ndipo alipoingia katika kazi ya utawala. Mtu huyo ni Woodrow Wilson. Alifanya mengi mema, akakosa katika mambo makubwa, na maisha yake yana mafunzo kwa kila mtu mwenye elimu.

Wilson alizaliwa tarehe 28 Desemba 1856, katika mji wa Staunton, jimbo la Virginia. Baba yake, Joseph Wilson, alikuwa mchungaji wa kanisa la Presbyterian. Kabla mtoto hajatimiza miaka miwili, jamaa yote walihamia mji wa Augusta katika jimbo la Georgia. Majimbo hayo ya kusini yalikuwa na watumwa wengi, watu weusi waliolazimishwa kulima pamba pasipo ujira. Mwaka 1861 majimbo ya kusini yalipigana na majimbo ya kaskazini kwa ajili ya jambo hilo la utumwa. Mchungaji Wilson alishika upande wa kusini, akahubiri kwamba utumwa si dhambi. Kanisa lake likafanywa hospitali ya askari waliojeruhiwa. Hivyo mtoto Woodrow aliona mapema taabu za vita. Walakini alilelewa pia katika mawazo ya watu waliowadharau weusi, na mawazo hayo hayakumtoka.

Hakuna aliyedhani kwamba mtoto huyu atakuwa mtaalamu. Alichelewa mno kusoma. Alifika miaka tisa asijue vizuri herufi, na hata alipojua alisoma polepole sana. Kila mara yeye na baba yake walizungumza pamoja habari za vitabu na za dunia, na baba alimtaka aeleze jambo kwa maneno machache yaliyo wazi; neno likiwa la mashaka, alilirudia mpaka likawa sawa. Baadaye kijana alijifunza mwenyewe mwandiko wa mkato, upate kumsaidia, kwa kuwa mkono wake na macho yake yalikuwa mazito. Hivyo yule aliyechelewa kusoma akawa mmoja wa wasemaji hodari wa nchi yake.

Alipokuwa kijana aliingia chuo cha Princeton, katika jimbo la New Jersey, akamaliza mwaka 1879. Huko aliwakusanya wenzake wajizoeze kujadiliana, kwa maana alitamani siku moja kuwa mjumbe wa Bunge. Akasoma sheria, akafungua ofisi katika mji wa Atlanta. Lakini wateja hawakuja, na kazi yenyewe ilimchosha. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka 1883 aliiacha ofisi, akaenda chuo kikuu cha Johns Hopkins kujifunza historia na mambo ya utawala. Mwaka 1885 alitoa kitabu juu ya kazi za Bunge la Marekani, nacho kilisifiwa sana; na mwaka 1886 alipewa cheo cha udaktari wa elimu.

Mwaka ule wa 1885 alimwoa Ellen Axson, naye akamzalia binti watatu. Mwaka huo huo pia alianza kufundisha, kwanza katika chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, kisha katika chuo cha Wesleyan. Mwaka 1890 alirudi Princeton, sasa akiwa mwalimu. Wanafunzi walijaa katika masomo yake, maana aliweza kueleza jambo gumu hata likaonekana jepesi. Mwaka 1902 alichaguliwa kuwa mkuu wa chuo kile. Wakuu wote waliomtangulia walikuwa wachungaji. Yeye alikuwa wa kwanza asiye mchungaji.

Alikuta chuo kimelala. Vijana wengi walikuwa wana wa matajiri waliokuja kucheza na kupoteza siku. Wilson akaongeza ugumu wa mitihani, na wavivu wakarudi makwao. Mwaka 1905 akaajiri walimu vijana wapatao hamsini, wasiwe wa kuhutubu tu, bali wakae na wanafunzi wachache wachache, wasome na kuulizana. Mpango huo ulifanikiwa, na sifa za Princeton zikaenea.

Kisha akataka kubwa zaidi. Wanafunzi wakubwa walikuwa na vyama vyao vya kulia chakula, kila chama na nyumba yake nzuri. Aliyechaguliwa aliingia, asiyechaguliwa alibaki nje, akaona haya. Wilson aliona kwamba desturi hii yawafundisha vijana kiburi. Mwaka 1907 akatoa shauri kwamba zijengwe nyumba ambamo wanafunzi wa kila namna, pamoja na walimu, watakaa na kula mahali pamoja. Shauri lilikuwa jema. Ila hakuwashauri vya kutosha walimu wenzake, wala wale waliokwisha kusoma chuoni na ambao fedha zao ndizo zilizokiendesha chuo. Wakakasirika, na baraza la chuo likalikataa shauri lake.

Baadaye palitokea ugomvi wa pili, juu ya mahali pa kujenga nyumba ya wanafunzi wa masomo ya juu. Wilson alitaka nyumba iwe katikati ya chuo. Andrew West, mkuu wa masomo hayo, alitaka iwe mbali. Jambo lenyewe lingeweza kupatanishwa, lakini Wilson aliwaona wote waliompinga kuwa adui wa haki. Marafiki wa zamani wakaachana. Hata mwaka 1910 tajiri mmoja alikufa akaacha mali nyingi sana kwa ajili ya nyumba ile, kwa masharti yaliyompendeza West. Hapo Wilson alishindwa kabisa. Hivyo Princeton ilionyesha nguvu zake na udhaifu wake pia: aliweza kuwavuta watu kwa maneno, ila hakuweza kupatana na mtu asiyekubaliana naye.

Wakati ule huko New Jersey vyama vya siasa vilishikwa na wakubwa wachache. Watu hao hawakukaa katika viti vya serikali, bali walijua nani achaguliwe na nani apewe kazi. Makampuni makubwa ya reli na ya umeme yaliwapa fedha, nao waliyalinda. Wakubwa wa chama cha Democrat walimtafuta mtu mwenye jina safi asimame kuwa gavana, nao wakaona kwamba mwalimu huyu afaa. Walidhani mtu wa vitabu hajui siasa, na kwamba watamwongoza kama kipofu. Wilson alikubali, akachaguliwa mwezi wa Novemba 1910.

Mara wakaona wamekosea. Mkubwa wao, James Smith, alitaka kuwa mjumbe katika Seneti, ambalo ni baraza la juu la Bunge la Marekani. Wilson alimpinga mbele ya watu wote, mpaka Smith akashindwa. Kisha mwaka 1911, katika miezi michache, alipitisha sheria ambazo watu walikuwa wamezililia kwa miaka mingi. Wananchi walipewa uwezo wa kuchagua wenyewe wale watakaosimama kwa jina la chama. Rushwa katika uchaguzi ilipigwa marufuku. Mfanya kazi aliyeumia kazini alipata haki ya kulipwa. Na bei za reli, gesi na umeme ziliwekwa chini ya macho ya tume ya serikali. Kila sheria ilipokwama, Wilson alikwenda kwa watu na kuwaeleza, kama alivyowaeleza wanafunzi wake. Nao watu waliwabana wajumbe wao mpaka wakakubali.

Sifa zake zikaenea nchi nzima. Mwaka 1912 chama cha Democrat kilikutana katika mji wa Baltimore kumchagua atakayesimama kuwa rais. Walipiga kura mara arobaini na sita kabla ya Wilson kupata ushindi. Upande wa pili, chama cha Republican kilikuwa kimegawanyika, wengine wakimfuata Rais Taft na wengine wakimfuata Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais zamani. Kwa hiyo Wilson alishinda, ingawa alipata kura za watu 42 tu katika kila 100. Aliapishwa tarehe 4 Machi 1913. Miaka miwili na nusu tu ilikuwa imepita tangu aondoke chuoni.

Kwa zaidi ya miaka mia moja marais walikuwa wakipeleka barua Bungeni, isomwe na karani. Wilson alikwenda mwenyewe, akasimama mbele ya wajumbe na kusema nao. Mwaka ule wa 1913 ushuru wa bidhaa za kigeni ulipunguzwa, vitu visiwe ghali kwa maskini; na mahali pake ikawekwa kodi ya mapato, iliyowagusa zaidi wenye mali. Mwishoni mwa mwaka ikaundwa benki kuu yenye matawi kumi na mawili, ili fedha za nchi zisitawaliwe na matajiri wachache wa New York. Mwaka 1914 sheria ziliwazuia wenye makampuni makubwa kuwaonea wadogo. Mwaka 1916 kazi ya wafanya kazi wa reli ilipunguzwa kuwa saa nane kwa siku. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya kuwaondoa watoto wadogo katika viwanda. Lakini mwaka 1918 mahakama kuu iliitangua.

Walakini haki hiyo haikuwafikia watu wote. Mwaka 1912 baadhi ya viongozi wa watu weusi, kama W. E. B. Du Bois na William Monroe Trotter, walimwunga mkono Wilson, maana aliahidi kuwatendea haki. Lakini alipoingia madarakani, mawaziri wake walianza kuwatenga weusi katika ofisi za serikali. Makarani waliofanya kazi pamoja na wenzao kwa miaka mingi walitengwa kwa mapazia na vyumba, wakapewa meza zao na vyoo vyao mbali. Wengine walishushwa vyeo. Wilson alilijua jambo hili, akalikubali, akasema kwamba ni kwa faida yao. Mwezi wa Novemba 1914 Trotter alikwenda na wajumbe wenzake kwake Wilson kumweleza uchungu wao. Alisema bila ya kuogopa. Rais akakasirika, akamwambia kwamba hatampokea tena. Hivyo yule aliyewafundisha wengine kusikiliza hoja alifunga mlango mbele ya hoja ya kweli. Nyani haoni kundule.

Mwezi wa Agosti 1914 vita kuu vilianza Ulaya. Katika siku zile zile mke wake Ellen alikuwa mgonjwa, naye akafa tarehe 6 Agosti. Wilson alihuzunika sana; mwishoni mwa mwaka 1915 alimwoa Edith Galt. Kwa muda wa miaka miwili na nusu alijitahidi nchi yake isiingie vitani. Hata mwezi wa Mei 1915 Wajerumani walipoizamisha meli ya Lusitania, wakafa watu 1,198, na kati yao Wamarekani 128, hakutangaza vita. Lakini mwanzo wa mwaka 1917 nyambizi za Ujerumani zilipoanza kuzamisha meli za nchi zote bila ya kubagua, aliliomba Bunge kutangaza vita, na mwezi wa Aprili Marekani ikaingia.

Wilson hakutaka vita vile viishe kwa kulipizana kisasi. Mwezi wa Januari 1918 alitangaza mashauri kumi na manne ya amani. Alitaka pasiwe na mapatano ya siri kati ya mataifa, bahari ziwe huru, silaha zipunguzwe, na katika mambo ya makoloni faida ya wenyeji nayo iangaliwe. Shauri la mwisho ndilo lililokuwa moyo wa yote: kwamba mataifa yafanye chama kimoja cha kulindana na kuamua magomvi yao kwa maneno. Maneno hayo yalienea duniani kote. Wamisri, Wahindi na Wachina waliyasoma, wakatumaini kwamba na wao watapata uhuru.

Vita vikaisha tarehe 11 Novemba 1918, na mwezi uliofuata Wilson akavuka bahari kwenda Ulaya. Katika miji ya Paris, London na Roma watu wasiohesabika walijaa njiani kumshangilia. Lakini katika baraza mambo yalikuwa magumu. Clemenceau wa Ufaransa na Lloyd George wa Uingereza walitaka fidia na nchi. Wilson alikubali mengi asiyoyapenda, maadamu chama cha mataifa kiwepo. Makoloni ya Ujerumani hayakupewa uhuru, wala hayakuwa mali kamili ya washindi. Yaliwekwa mikononi mwao kwa amana, watoe hesabu kila mwaka mbele ya chama hicho. Ndivyo Tanganyika ilivyopewa Waingereza, na Ruanda na Urundi wakapewa Wabelgiji. Wajapani waliomba yaandikwe maneno ya usawa wa mataifa yote. Wengi katika kamati walikubali, kura 11 kati ya 17, lakini Wilson, aliyekuwa mwenyekiti, aliamua kwamba haitoshi, mpaka wote wakubali. Ombi likaanguka. Hata Wamisri na Wahindi waliomtumaini hawakupata walichotaka.

Mkataba ulitiwa sahihi huko Versailles tarehe 28 Juni 1919. Ila kwa sheria ya Marekani ulitakiwa kukubaliwa na theluthi mbili za Seneti, na Seneti ile ilikuwa mikononi mwa chama cha Republican. Wilson hakumchukua hata mjumbe mmoja wa Seneti kwenda naye Paris. Sasa Henry Cabot Lodge, kiongozi wao, alitaka yaongezwe masharti, hasa kwamba Marekani isilazimishwe kwenda vitani pasipo idhini ya Bunge. Rafiki zake Wilson walimsihi akubali masharti kidogo ili mengine yote yapone. Akakataa. Ikawa kama siku zile za Princeton.

Akaazimu kuwaendea watu wenyewe, kama alivyofanya New Jersey. Mwezi wa Septemba 1919 aliingia katika gari la moshi, akasafiri yapata maili 8,000 katika siku ishirini na mbili, akihutubu karibu kila siku, na kichwa kikimwuma mchana na usiku. Tarehe 25, baada ya kusema katika mji wa Pueblo, nguvu zilimwishia, akarudishwa Washington. Tarehe 2 Oktoba alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto wa mwili wake ukapooza. Kwa miezi mingi alilala, na mke wake ndiye aliyeamua ni barua zipi zifike kwake. Watu hawakuambiwa ukweli wa ugonjwa wake.

Hata kitandani hakulegea. Aliwaagiza watu wa chama chake wasiukubali mkataba wenye masharti ya Lodge. Mwezi wa Novemba 1919 ukaanguka. Tarehe 19 Machi 1920 ulipigiwa kura tena: wajumbe 49 waliukubali, 35 waliukataa, zilipungua kura saba tu. Kati ya waliokataa walikuwamo wafuasi wa Wilson mwenyewe, waliotii agizo lake. Hivyo Chama cha Mataifa kilianza kazi, na taifa la mtu aliyekiwaza halikuingia kamwe.

Kwa kazi ile Wilson alipewa tuzo ya Nobel ya amani ya mwaka 1919. Alitoka madarakani tarehe 4 Machi 1921, mgonjwa na mwenye huzuni, akafa Washington tarehe 3 Februari 1924. Chama cha Mataifa hakikuweza kuzuia vita vya pili. Lakini mwaka 1945 mataifa yaliunda Umoja wa Mataifa, na mara hii Marekani ikaingia. Nchi za amana zikawekwa chini ya Umoja huo, na Tanganyika ilikuwa mojawapo mpaka ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 2020 chuo kikuu cha Princeton kililiondoa jina la Wilson katika shule yake ya mambo ya utawala, kwa sababu ya alivyowatendea watu weusi.

Maisha ya mtu huyu yafaa kufikiriwa kwa haki, pande zote mbili. Mtoto aliyechelewa kusoma aliweza, kwa bidii, kuwa mwalimu wa taifa. Na mwalimu aliyedharauliwa na wenye hila aliwashinda kwa kusema kweli mbele ya watu. Hayo ni mema. Lakini elimu yake haikumfundisha kumsikiliza aliyempinga, wala kumwona mtu mweusi kuwa ndugu. Kwa ajili ya hayo kazi yake kubwa ilivunjika mikononi mwake, na wengi waliomtumaini walitoka mikono mitupu. Kujua haki ni jambo moja. Kuwapa haki watu wote, na kuitafuta pamoja na wengine, ni jambo la pili. Kidole kimoja hakivunji chawa.